Unasubiri kubadilishiwa goti au nyonga? Anzia kwenye sahani

Kila wiki napokea simu zilezile kwa sauti tofauti. "Dada, mama amepangiwa kubadilishiwa goti, ale nini?" "Dada, baba katoka hospitali wiki ya pili sasa, kidonda bado kinatoa majimaji, nimpe supu gani?" Mimi ni afisa lishe hapa Dar es Salaam, na swali la pili ndilo linaloniuma, maana jibu lake lilipaswa kuanza miezi miwili nyuma, kabla mgonjwa hajapanda kitandani. Nimeona niyaweke yote mahali pamoja.

Goti la chuma na plastiki utawekewa na daktari. Ngozi itakayofunga juu yake, damu itakayopotea wakati wa upasuaji na msuli wa paja utakaolinyanyua goti hilo ni vya kwako, na vyote vinajengwa kwa chakula. Mwili uliopasuliwa hutumia protini nyingi kuliko kawaida. Usipoikuta kwenye chakula, unaichota kwenye misuli, na misuli hiyo ndiyo unayoitegemea uanze kutembea. Kwa hiyo kazi yetu ni kuhakikisha unaingia chumba cha upasuaji ukiwa na akiba.

Nimepanga mambo kwa wiki nane. Kama zimebaki nne, usikate tamaa, anza leo. Kama ni wiki moja, nenda moja kwa moja hatua ya 1, ya 5 na ya 10.

Onyo kabla ya yote: kama una ugonjwa wa figo, wa ini, au moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri, usifuate viwango vya protini na maji vilivyoandikwa hapa mpaka umeongea na daktari wako. Kwa mgonjwa wa figo, protini nyingi inaweza kuleta madhara.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu.
- Mizani ya kupimia uzito. Ya duka la dawa mtaani inatosha, ila pima kwenye mizani hiyohiyo kila wiki.
- Urefu wako kwa sentimita.
- Majibu ya vipimo vinne: wingi wa damu (hemoglobini), sukari ya miezi mitatu (HbA1c), figo na albumini.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, za hospitali na za asili. Usifiche hata moja.
- Mtu anayepika nyumbani kwako. Akae chini msome pamoja. Nimeshuhudia mipango mizuri ikivunjika kwa sababu mgonjwa alielewa na mpishi hakuelewa.

## Hatua

1. Vipimo viombe mapema, usingoje wiki ya upasuaji.

Iwe unatibiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iwe hospitali nyingine, utapimwa tu. Shida ni kwamba mara nyingi watu hupimwa siku chache kabla ya kulazwa, damu inakutwa iko chini, na muda wa kuipandisha haupo tena. Siku ile daktari anapokutajia upasuaji, mwulize: "Naweza kupima wingi wa damu, sukari na albumini sasa hivi?"

Albumini ni protini iliyomo kwenye damu. Ikiwa chini ya gramu 3.5 kwa desilita, hatari ya kidonda kuchelewa kufunga au kupata maambukizi huongezeka. Ila kipimo hiki hushuka pia mtu akiwa na ugonjwa au uvimbe mwilini, kwa hiyo kisomwe na daktari pamoja na mambo mengine.

Kama umepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako ndani ya miezi mitatu bila kukusudia, mwambie daktari hata kama vipimo ni vizuri. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni kama kilo tatu na nusu.

2. Andika kila unachokula kwa siku tatu.

Usibadilishe chochote bado. Andika tu, pamoja na kile unachoonja jikoni.

Shangazi yangu anayekaa Mbagala alipangiwa kubadilishiwa goti la kulia. Ana kilo 92, na ndugu wote walisema huyu hana shida ya lishe. Daftari lake la Jumatatu lilisomeka hivi: asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana wali, mchuzi na kipande kimoja cha nyama, usiku ugali na matembele. Nikamuuliza kile kipande kilikuwa na ukubwa gani. Akasita kidogo, kisha akaniambia nusu alimpa mjukuu, kama anavyofanya siku zote. Tulipopiga hesabu, protini ya siku nzima haikufika gramu 40. Mwili wake ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na njaa ya protini. Watu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani, na hakuna anayewatilia shaka kwa sababu ni wanene.

3. Piga hesabu ya protini unayohitaji.

Anayejiandaa kwa upasuaji mkubwa anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kama uzito wako umezidi sana, usitumie kilo zako zote. Kwa makadirio, chukua urefu wako wa sentimita, toa 100. Shangazi ana sentimita 165, tukatumia 65. Zidisha kwa 1.2 unapata 78, zidisha kwa 1.5 unapata kama 98. Basi lengo lake lilikuwa kati ya gramu 78 na 98, na yeye alikuwa hafikishi 40.

Makadirio ya vyakula vya kwetu ni haya:

- Yai moja: gramu 6
- Glasi ya maziwa au mtindi: gramu 8
- Kikombe cha maharage, kunde au choroko zilizoiva: gramu 13 hadi 15
- Kiganja cha dagaa wakavu, kama gramu 30: gramu 15 au zaidi kidogo
- Kibua cha wastani: karibu gramu 20
- Nyama au kuku aliyeiva, kipande cha kujaa kiganja bila vidole: gramu 25
- Kiganja cha karanga: gramu 7

Dagaa nawapendekeza kila siku na sichoki. Bei yao inavumilika, hawahitaji friji, na kwa kuwa wanaliwa na miba yao unapata madini ya chokaa humohumo. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili kutoa mchanga, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka waanze kunukia, ndipo weka kitunguu, nyanya na ndimu. Asiyeweza kutafuna, wasage wawe unga, kijiko kimoja kiingie kwenye mchuzi wa kila mlo.

Makosa ninayokutana nayo sana hapa:

*Supu ya kongoro.* Watu wanaamini inajenga viungo kwa sababu imetoka kwenye viungo. Supu ile ni tamu na inaamsha hamu ya kula, basi inywe. Lakini protini yake nyingi ni ule ute unaogandisha supu ikipoa, na ute huo una upungufu: kiungo kimojawapo cha lazima cha kujengea misuli hakimo kabisa. Usiihesabu kama mlo. Kula yai au maharage pembeni.

*Bamia kuongeza ute wa goti.* Hili naulizwa karibu kila siku. Ute wa bamia unaishia kwenye utumbo kama chakula kingine, hauna njia ya kwenda kwenye goti. Bamia ni mboga nzuri, inalainisha choo, na utaihitaji sana baada ya upasuaji. Uile kwa sababu hiyo.

*Mchuzi bila nyama.* Mgonjwa anapewa mchuzi "wenye nguvu zote", vipande wanakula wengine. Nguvu imo kwenye kipande.

4. Igawe protini kwenye milo yote ya siku.

Mwili hauwezi kuhifadhi protini kama unavyohifadhi mafuta. Nyama nusu kilo ya Jumapili haitakusaidia Jumatano. Lenga gramu 20 hadi 30 kila mlo. Siku ya shangazi tuliipanga upya hivi:

Asubuhi: uji wa ulezi uliotiwa glasi nzima ya maziwa, na mayai mawili ya kuchemsha. Gramu 20.
Saa nne: kiganja cha karanga na chungwa. Gramu 7.
Mchana: wali kiasi, kikombe cha maharage, kibua kimoja, mchicha. Kama gramu 38.
Jioni: glasi ya mtindi. Gramu 8.
Usiku: ugali wa dona, dagaa, matembele. Gramu 20.

Jumla inapita 90. Hakuna kopo la unga wa mazoezi wala kirutubisho cha duka la dawa humo. Vile virutubisho si vibaya kwa mtu aliyeshindwa kabisa kula, lakini visichukue nafasi ya pesa ya samaki.

Ukiweza kufika soko la samaki la Feri asubuhi, vibua hupatikana kwa bei nafuu kuliko samaki wakubwa kama jodari au changu, na mafuta yao ni mazuri. Usiwakaange mpaka wakauke kama vibanzi. Wachemshe kwa ndimu na pilipili manga, au wape nazi kidogo.

Wiki zako zikiangukia mwezi wa Ramadhani, ongea na daktari na shekhe wako mapema kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Ukifunga, kumbuka futari zetu nyingi ni wanga mtupu: mihogo, magimbi, tambi, viazi vitamu, uji. Daku nayo ikiwa chai na mkate, siku nzima imepotea. Weka mayai au maharage kwenye daku, na samaki au kuku kwenye futari.

5. Pandisha damu, na tafuta inakovujia.

Hapa tulia, usome mara mbili. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume mwenye hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita na mwanamke aliye chini ya 12 wana upungufu wa damu. Kwa upasuaji huu, madaktari wengi hutaka 13 kwa wote, kwa kuwa utapoteza damu. Anayeingia nayo ikiwa chini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuongezewa, na anatoka akiwa mchovu kiasi kwamba mazoezi ya kutembea yanamshinda.

Swali la kwanza si "nile nini niongeze damu", ni "damu yangu inapotelea wapi". Mwenye goti bovu huwa ametumia dawa za maumivu kwa miaka: diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu. Dawa hizi huchubua tumbo na kuweza kusababisha vidonda vinavyovuja damu kidogokidogo bila maumivu makubwa. Unaweza kula maini kila siku na damu isipande, kwa sababu inatoka chini. Ukiona choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati.

Ukishapimwa na kuandikiwa vidonge vya kuongeza damu:

- Meza kwa maji yenye ndimu au juisi ya chungwa. Vitamini C inasaidia madini ya chuma kuingia mwilini.
- Usimeze na maziwa.
- Chai na kahawa viache saa moja hadi mbili kabla na baada. Chai ya rangi juu ya chakula ndiyo inayoturudisha nyuma wengi wetu. Chai yako inywe saa nne au saa kumi, si pamoja na mlo.
- Vikikutia kichefuchefu, usiviache kimyakimya. Mwulize daktari kama unaweza kumeza siku moja na kuruka moja. Kwa watu wengi mwili hufyonza vizuri hivyo na tumbo linatulia.
- Muda ukiwa mfupi, au tumbo likivikataa kabisa, ipo njia ya kuwekewa madini ya chuma kwa dripu. Iulizie.

Kwenye chakula, tegemea maini mara moja kwa wiki, nyama nyekundu, dagaa, maharage na mboga za majani zilizokamuliwa ndimu. Juisi ya rozela ni kinywaji kizuri, lakini wekundu wake si damu. Nimekutana na mgonjwa aliyeacha vidonge akanywa rozela mwezi mzima, damu ikabaki 9.

Kwa wenye selimundu (sikoseli): kwetu vijana wengi wanaobadilishiwa nyonga ni wagonjwa wa selimundu, kwa sababu ugonjwa huo huziba mishipa na kichwa cha mfupa wa nyonga kinakufa. Ninyi msimeze vidonge vya madini ya chuma kwa kubahatisha. Wengine mna akiba ya chuma iliyopitiliza tayari, hasa mlioongezewa damu mara nyingi. Pimeni kwanza, na daktari wa damu ahusishwe kwenye mipango ya upasuaji.

6. Sukari iwe imetulia.

Sukari ikiwa juu, askari wa mwili wanaopambana na vijidudu wanakuwa wazito na kidonda kinachelewa. Madaktari wengi wa mifupa hupenda kuona kipimo cha miezi mitatu kisizidi asilimia 7.5 au 8. Kikiwa 10, tegemea kuahirishwa, na kuahirishwa huko ni kwa faida yako.

Usipunguze chakula chote. Punguza wanga na sukari ya kunywa: soda, juisi za boksi, chai ya vijiko vitatu. Robo ya sahani iwe wali au ugali, robo maharage au samaki, nusu mboga. Ukianza kula hivi huku unachoma insulini au unameza vidonge, pima sukari mara kwa mara zaidi, maana inaweza kushuka ghafla.

Kuna dawa za kisukari zinazotoa sukari kupitia mkojo. Hizo husimamishwa siku 3 hadi 4 kabla ya upasuaji. Sindano za mara moja kwa wiki zinazopunguza hamu ya kula nazo huchelewesha chakula tumboni. Mtajie daktari wa usingizi dawa zako zote kwa majina.

7. Uzito: punguza mapema au acha.

Kila kilo moja unayopungua hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Kwa hiyo kama una miezi sita, kupungua ni jambo jema. Ila kama zimebaki wiki tatu, usijinyime kula wala usinywe maji ya ndimu tu ili "ukute mwili mwepesi". Utapunguza misuli, na utapasuliwa ukiwa na upungufu. Wiki hizo za mwisho shikilia uzito ulionao, kula protini.

8. Mboga, matunda, maji, jua.

Mboga za majani mara mbili kwa siku, matunda mawili: papai, embe, pera, chungwa, lolote la msimu. Maji glasi nane, zaidi kidogo miezi ya joto.

Jua nalisisitiza kwa wale ambao goti limewafungia ndani. Mama wa ghorofa ya tatu Kariakoo anaweza kumaliza mwaka hajashuka ngazi, na vitamini D yake inashuka kimyakimya. Kaa kibarazani au dirishani kunakoingia jua lenyewe dakika 15 hadi 20, mikono na miguu ikiwa wazi. Kioo kikiwa kimefungwa haisaidii.

9. Vitu vya kuacha, na meno ya kutibu.

Sigara na ugoro: angalau wiki nne kabla. Sigara hubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye kidonda. Pombe nayo wiki nne. Kama umezoea kunywa kila siku, usiache ghafla peke yako, mwambie daktari.

Vitunguu saumu na tangawizi kwenye mboga havina neno. Ninachosema ni vile vidonge na dozi kubwa: saumu, tangawizi, vitamini E, mafuta ya samaki, unga wa mlonge na mizizi ya kuchemsha. Baadhi vinaweza kuongeza kuvuja damu au kugongana na dawa ya usingizi. Simamisha wiki mbili kabla. Aspirini na dawa nyingine za kulainisha damu usiziache wala kuziendeleza kwa uamuzi wako. Daktari ndiye atakayekupa tarehe.

Jino bovu ling'olewe au lizibwe mapema. Vijidudu vya jino vinaweza kusafiri na damu hadi kwenye goti jipya. Halafu, asiyeweza kutafuna hali nyama.

10. Usiku wa mwisho na asubuhi ya upasuaji.

Fuata saa utakazopewa na hospitali yako. Utaratibu wa kawaida ni kwamba chakula kizito kikome masaa nane kabla ya upasuaji, chakula chepesi na maziwa masaa sita kabla, na maji matupu yanaweza kuruhusiwa hadi masaa mawili kabla. Kwa mfano, ukipangiwa saa mbili asubuhi, mlo wako wa mwisho uwe wa jioni, umalize kabla ya saa tatu usiku. Usiruke mlo huo kwa hofu. Maji ya alfajiri, uliza kwanza.

Sasa sikiliza yaliyompata shangazi. Baada ya wiki nane za mayai na dagaa, damu imefika 13.1, sukari nzuri, alilazwa. Alfajiri saa kumi na moja nilipofika alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga begani, kikombe mkononi. Binti yake alikuwa amemmiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Kikombe kilikuwa kimebaki nusu. Walimwambia asile, na kwake chai si kula. Upasuaji uliahirishwa wiki tatu, na alilia, nami nililia korido.

Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula. Maziwa ni chakula. Tumbo likiwa na kitu, unaweza kutapika ukiwa umelala usingizi wa dawa na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Hata anayechomwa ganzi ya mgongo anafunga, kwa sababu mambo yakibadilika huenda akalazimika kulazwa usingizi kabisa. Ukinywa kwa bahati mbaya, sema. Usifiche hata kidogo.

11. Baada ya upasuaji.

Ukiruhusiwa kunywa, anza na mafunda ya maji, kisha uji au mtori. Kesho yake rudi kwenye protini ya kila mlo, kiwango kilekile cha hatua ya 3, na uendelee angalau wiki sita. Msuli wa mbele wa paja hulegea haraka sana baada ya upasuaji wa goti, na mtaalamu wa mazoezi tiba hawezi kuujenga kwa mazoezi peke yake. Kula yai au mtindi karibu na muda wa mazoezi.

Wageni watakuja na soda, biskuti na juisi za boksi, kwa upendo wao. Waambieni mapema kwenye kundi la familia: leteni mayai ya kuchemsha, mtindi, samaki kwenye hotpoti, matunda. Watu wanapenda kuambiwa cha kuleta.

Ukipewa warfarini kuzuia damu kuganda, usiache mboga za majani. Kula kiasi kinachofanana kila siku, kwa kuwa kubadilisha ghafla hupindua kipimo cha dawa.

## Mambo yakienda kombo

Hamu ya kula haipo. Gawa milo mitatu iwe sita midogo. Anza na protini, wali ubaki mwisho. Uji utie maziwa na kijiko cha siagi ya karanga. Usinywe maji mengi kabla ya kula, yanajaza tumbo.

Pesa ya samaki na nyama haipo. Maharage, kunde, choroko, dagaa na mayai vinatosha kukufikisha. Changanya vyakula vya jamii ya kunde na nafaka, kama ugali wa dona na maharage au makande, protini zao zinakamilishana. Kama kuna pesa ya kitu kimoja tu, nunua mayai.

Choo kigumu baada ya upasuaji. Dawa kali za maumivu ndizo sababu. Papai asubuhi, bamia, mlenda, maji, na kutembea kadiri unavyoruhusiwa. Siku ya tatu ikipita bila choo, omba dawa ya kulainisha, usisubiri tumbo livimbe.

Tumbo linajaa gesi kwa maharage. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Anza na nusu kikombe. Choroko huwa laini zaidi kwa tumbo.

Upasuaji umeahirishwa. Usirudi kwenye chai na chapati. Endelea na mpango uleule, na vidonge vya damu usivisimamishe bila kuuliza. Shangazi aliendelea kula vile wiki zote tatu, na kipande chake cha nyama safari hii alikimaliza mwenyewe. Mjukuu alitengewa chake.

Kidonda kinatoa majimaji baada ya siku kadhaa, kina joto, kimekuwa chekundu zaidi, kinanuka, au una homa. Hapo usinipigie mimi kuuliza supu. Rudi hospitali ulikopasuliwa leo hii. Vivyo hivyo shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua na pumzi kukata ghafla: ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.